Ukipima Malaria Ukakosa, Usinunue Mseto

Mvua zikishakolea huku Kondoa, kwenye maduka ya dawa muhimu husikika mazungumzo ya namna hii. Mama amembeba mtoto mgongoni, ameegemea kaunta, anaongea kwa sauti ya mtu ambaye hakupata usingizi.

"Dokta, nipatie mseto wa mtoto wa miaka mitatu."

"Umempima, mama?"

"Nimempima, wamesema malaria hana, ni virusi tu. Lakini usiku kucha mwili ulikuwa wa moto. Nipe tu, si inaua hata virusi? Wakati wa korona si walisema?"

Makala haya nayaandika kwa ajili ya mama wa aina hiyo, kwa ajili ya muuza dawa anayemsikiliza, na kwa ajili ya kila mtu wa Busi, Kondoa na Chemba anayetunza vidonge vya mseto nyumbani akisubiri homa yoyote itakayobisha hodi. Swali la mama ni la haki kabisa. Mabingwa wa tiba katika maabara na hospitali kubwa duniani wameliuliza swali hilohilo kwa miaka mingi, wakalifanyia kazi, wakapata majibu. Inafaa majibu hayo yatufikie na sisi, maana wanaoumia kwa kutoyajua ni watoto wetu.

Homa nyingi si malaria

Tuanze na homa yenyewe. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza kwa kina watoto 1,005 waliofika vituoni wakiwa na homa, baadhi Dar es Salaam na wengine Ifakara. Hawakuishia kwenye kipimo cha malaria. Walichukua damu na makamasi, wakatafuta kila chanzo cha homa ambacho maabara inaweza kukigundua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: karibu watoto 7 katika kila 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye ugonjwa wa bakteria walikuwa asilimia 22, na wenye ugonjwa wa vimelea, malaria ikiwemo, walikuwa kama asilimia 11 tu. Wapo waliokutwa na zaidi ya ugonjwa mmoja kwa wakati mmoja.

Kumbuka kwamba Ifakara iko katika Bonde la Kilombero, ambako malaria ni mwenyeji wa siku nyingi. Huku kwetu nyanda za kati hali ni nafuu zaidi, na Dodoma imekuwa miongoni mwa mikoa yenye maambukizi ya chini ya malaria nchini. Kwa hiyo mtoto wa Busi akipata homa, uwezekano kwamba ni kitu kingine ni mkubwa kuliko wa mtoto wa Kilombero.

Kwa waliolazwa, mfano mzuri uko Moshi. Wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za mji huo walifuatiliwa kwa vipimo kamili. Waliokuwa wameandikiwa malaria walikuwa 528. Waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Hao wengine wote walikuwa na ugonjwa mwingine, na kila saa waliyotibiwa malaria ilikuwa saa ambayo ugonjwa wao halisi uliendelea bila kuguswa.

Matumaini yalitoka wapi

Wazo kwamba dawa ya malaria huua virusi lilianza na klorokwini. Waliokuwa watoto miaka ya tisini na kabla ya hapo wanaikumbuka: uchungu wake ulimini, na mwasho uliotembea mwili mzima ukamfanya mtu ajikune hadi alfajiri. Dawa hiyo ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1934. Ilitutumikia miongo mingi, kisha vimelea vikaizoea. Mwaka 2001 Tanzania iliiondoa katika nafasi ya kwanza ikaweka dawa iitwayo SP, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaja dawa mseto ya artemether na lumefantrine tunayoitumia hadi leo.

Klorokwini ilikuwa inaua vipi malaria? Kimelea cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu na kula kilichomo. Katika kula huko hubaki taka yenye sumu, na kimelea kina namna yake ya kuigandisha isikidhuru. Klorokwini huzuia kuganda huko, kimelea kikafa kwa sumu ya chakula chake chenyewe. Sasa virusi havili. Havina tumbo, havina taka, havisagi chochote. Njia hiyo ya kuua malaria haipo kabisa kwenye virusi.

Wanasayansi walilijua hilo, lakini waliona jambo jingine. Virusi vingi huingia katika seli za mwili kwa kumezwa ndani ya kifuko kidogo chenye asidi. Klorokwini hupunguza asidi hiyo, na bila asidi baadhi ya virusi hukwama. Ndiyo maana mwanzoni mwa mwaka 2020, walipoijaribu maabara dhidi ya virusi vya korona, ilivizuia vizuri, na dunia ikapata matumaini.

Tatizo lilikuwa kwenye seli zilizotumika. Zilikuwa seli za figo ya tumbili, ambazo hutumika sana maabara kwa kuwa ni rahisi kuzikuza. Katika seli hizo kirusi cha korona kina mlango mmoja tu wa kuingilia, ule wa kifuko chenye asidi. Seli za mapafu ya binadamu zina mlango mwingine ulio wazi, juu ya ukuta wa seli, usiohitaji asidi hata kidogo. Watafiti wa Ujerumani walipoijaribu klorokwini kwenye seli za mapafu ya binadamu, haikuzuia kitu. Dawa ilikuwa imefunga mlango ambao kirusi hakikuuhitaji.

Lakini majibu hayo yalikuja katikati ya mwaka, watu wakiwa wameshakimbilia madukani. Mwezi Machi 2020 daktari mmoja maarufu wa Marseille, Ufaransa, Didier Raoult, alitangaza matokeo mazuri ya haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini, kutokana na wagonjwa 36 tu. Rais wa Marekani wa wakati huo, Donald Trump, akaisifia mbele ya kamera. Siku chache baadaye Lagos kuliripotiwa watu waliozidisha klorokwini na kupata sumu. Arizona, Marekani, mtu mmoja alikufa kwa kunywa kemikali ya klorokwini iliyotengenezwa kwa ajili ya kusafisha tangi la samaki. Mfa maji haachi kutapatapa, nasi hatuwezi kuwalaumu walioogopa. Andiko lile la Marseille lilikuja kufutwa rasmi Desemba 2024.

Mizani iliyotoa hukumu

Njia ya kujua kama dawa inatibu ni moja, nayo haina siri. Unachukua wagonjwa wengi wa ugonjwa uleule. Unapiga kura: hawa wapewe dawa pamoja na huduma ya kawaida, wale wapewe huduma ya kawaida tu. Halafu unahesabu waliopona na waliokufa kila upande. Kura ni muhimu kwa sababu inazuia daktari kumpa dawa yule ambaye tayari anaonekana atapona.

Uingereza walifanya hivyo katika jaribio lililoitwa RECOVERY, likiongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford. Wagonjwa 1,561 wa UVIKO-19, yaani korona, waliolazwa walipewa haidroksiklorokwini, na 3,155 hawakupewa. Baada ya siku 28, waliokufa katika kundi lililopewa dawa walikuwa asilimia 27; katika kundi la pili walikuwa asilimia 25. Dawa haikuokoa watu. Matokeo yalitangazwa Juni 5, 2020. Juni 15 mamlaka ya dawa ya Marekani ikafuta kibali cha dharura ilichokuwa imekitoa, na Shirika la Afya Duniani nalo likaisimamisha katika jaribio lake lenyewe.

Jaribio hilohilo la RECOVERY, siku chache tu baadaye, lilileta habari njema. Deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu inayopatikana hata hospitali za wilaya, ilipunguza kwa theluthi moja vifo vya wagonjwa waliokuwa wakipumua kwa mashine. Kwa wagonjwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia. Hapa pana funzo kubwa: kuipa dawa ya zamani kazi mpya ni jambo jema na linawezekana. AZT, dawa ya kwanza ya kufubaza VVU, ilibuniwa mwaka 1964 kwa ajili ya saratani, ikashindwa, ikaja kuidhinishwa kwa VVU mwaka 1987. Hata haidroksiklorokwini inawasaidia kweli wagonjwa wa lupasi na wa baridi yabisi, na mwaka 2020 wengi wao waliikosa kwa sababu watu wasioihitaji waliinunua kwa wingi. Dawa za zamani zinaweza kutushangaza. Sharti lake ni zipite kwenye mizani kabla ya kufika mdomoni.

Mifano ya karibu na kwetu

Korona haikuwa mara ya kwanza. Chikungunya iligundulika hapa nchini, katika mlipuko wa mwaka 1952 kwenye nyanda za Makonde huko Newala. Mwaka 2004 iliibuka Lamu, ikaenda Mombasa, Komoro, kisha Réunion, ambako iliambukiza karibu theluthi moja ya wakazi wa kisiwa kile. Madaktari wa huko waliwapa baadhi ya wagonjwa klorokwini na wengine kidonge kisicho na dawa. Homa na maumivu vilikwisha kwa kasi ileile kwa makundi yote mawili. Miezi zaidi ya sita baadaye, waliomeza klorokwini ndio waliolalamika zaidi kuumwa viungo.

Kwa dengi, ambayo iliitesa Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, wagonjwa 307 wa Vietnam walijaribiwa, na klorokwini haikufupisha muda wa virusi kukaa kwenye damu. Kwa mafua makali, watu zaidi ya 1,500 wa Singapore walishiriki jaribio, na walioimeza kama kinga waliugua sawa na wasioimeza. Kwa VVU, jaribio la Uingereza lilikuta kwamba waliopewa haidroksiklorokwini wingi wa virusi vyao uliongezeka. Anayeishi na VVU asiache wala asibadilishe dawa zake za kufubaza kwa sababu ya habari yoyote ya dawa ya malaria.

Mfano mmoja ndio uliobaki na mvuto. Mwaka 2014 huko Foya, Liberia, kituo cha Ebola cha Madaktari Wasio na Mipaka kiliishiwa mseto wa kawaida, na kwa siku chache kikawapa wagonjwa mseto mwingine wenye amodiakwini. Baadaye walipohesabu, waliopewa amodiakwini walikufa asilimia 51, na waliopewa mseto wa kawaida asilimia 64. Ni tofauti ya kuvutia, lakini hakukuwa na kura, na huenda mseto wa kwanza ulikuwa na tatizo lake au siku zile kituo kilikuwa na nafasi ya kuwahudumia watu vizuri zaidi. Kura inawezekana hata kwa Ebola: ilipolipuka mashariki mwa Kongo mwaka 2018, Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake walifanya jaribio la kura katikati ya vita, kule Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Wagonjwa 681 walishiriki. Tiba mbili za kingamwili zilishinda wazi, moja ikiwa imetokana na damu ya mtu aliyenusurika na Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba Afrika haiwezi kupima dawa zake.

Na pakanga, ule mmea wa Artemisia unaotoa dawa yetu ya mseto? Mwezi Mei 2020 Tanzania ilipokea kinywaji cha Madagaska kilichotengenezwa kwa mmea huo, na wengi walikiamini. Mwezi Julai hospitali za Antananarivo zilijaa wagonjwa wa korona. Mmea huo una thamani kubwa: Tu Youyou wa China alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kugundua dawa iliyomo ndani yake. Lakini chai yake haina kipimo cha dawa kinachojulikana, na Shirika la Afya Duniani haliishauri hata kwa malaria yenyewe.

Hasara ya "nipe tu"

Wengine husema, kama haisaidii basi haidhuru. Inadhuru, kwa njia tatu.

Ya kwanza ni mwili. Klorokwini na ndugu zake zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hasa zikichanganywa na dawa kama azithromaisini. Kwa mtoto mdogo vidonge vichache tu vya klorokwini vinaweza kuua.

Ya pili ni muda. Ukimpa mtoto mseto ukasubiri siku tatu kuona, nimonia haisubiri.

Ya tatu inatugusa wote. Vimelea vya malaria vilivyoanza kuizoea artemisinini vimeshathibitishwa Rwanda, Uganda na hapa nchini mkoani Kagera, hasa Karagwe. Kila kidonge kinachomezwa bila sababu, au nusu dozi inayoachwa kabatini, kinavipa vimelea nafasi ya kujifunza. Tulishaipoteza klorokwini na SP kama tiba ya kwanza. Tusiupoteze mseto kwa ajili ya mafua.

Sasa ufanye nini

Pima kwanza, na utazame kipimo kikisomwa. Kipimo cha haraka huchukua tone moja la damu ya kidole, matone ya maji yake, na subira ya dakika 15 hadi 20. Ukiona mstari kwenye C peke yake, kipimo kimefanya kazi na malaria haikuonekana. Mstari kwenye C na mwingine kwenye alama ya malaria, malaria ipo. Pasipo mstari kwenye C, kipimo kimeharibika na kirudiwe kwa kifaa kingine. Mwombe mhudumu asikisome kabla ya muda, maana mstari hafifu huchelewa kutokea. Na kama mtoto alimaliza mseto hivi karibuni, mwambie: kipimo kinaweza kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa hata kama vimelea vimekwisha.

Ukiwa na malaria, maliza dozi. Mseto una dozi 6 kwa siku 3: ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Unyweshwe pamoja na chakula chenye mafuta, na hapa kwetu karanga na maziwa vinatosha.

Ukikosa malaria, usiondoke kimya. Uliza: "Kama si malaria, mnadhani ni nini? Mmemsikiliza kifua? Mmemtazama masikio na koo? Mkojo je? Nirudi lini?" Hayo maswali matano yana faida kuliko boksi zima la mseto. Mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano wana haki ya huduma bila malipo kwenye vituo vya serikali, kwa hiyo kurudi kesho yake kupimwa tena si aibu.

Homa ya virusi itunze kama homa. Mpe paracetamol kwa uzito wake, maji mengi, uji mwepesi, maziwa ya mama mara kwa mara, nguo nyepesi na mapumziko. Nyingi huisha zenyewe baada ya siku chache. Palipo na tetesi za dengi, epuka aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, maana huongeza hatari ya kutoka damu.

Kimbia kituoni bila kusubiri asubuhi ukiona haya: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamshiki, anapumua haraka au mbavu zinabonyea akivuta pumzi.

Wafugaji, ikumbukeni Homa ya Bonde la Ufa. Baada ya mvua kubwa za mwaka 2006 na 2007 ugonjwa huu wa virusi ulilipuka nchini, na mkoa wetu wa Dodoma ulikuwa kati ya ulioumizwa zaidi. Vifo 144 vya watu viliripotiwa nchini. Wengi huanza na homa na kuumwa kichwa, wakidhani malaria, na hakuna dawa ya malaria inayougusa. Mbuzi au ng'ombe wengi wakitupa mimba kwa mkupuo, mwite afisa mifugo. Usichinje mnyama mgonjwa, usile kibudu, usimzalishe mnyama mikono mitupu, na maziwa yachemshwe. Mwenye homa akitoka damu, akageuka manjano au macho yakafifia, apelekwe hospitali, na mhudumu aambiwe habari za mifugo. Neno hilo moja linaweza kubadili matibabu yake.

Ukisikia dawa ya malaria inatibu kirusi fulani, uliza: ilijaribiwa kwa watu au kwenye chupa ya maabara? Watu wangapi? Palikuwa na kundi lisilopewa dawa la kulinganisha nalo? Waligawanywa kwa kura? Jibu likiwa hapana hata kwa moja, pokea habari hiyo kama tumaini linalosubiri kupimwa, uiache dawa dukani.

Kwenu wauza dawa wa Busi na vijiji vyake: mnaaminiwa kuliko mtu yeyote mwenye koti jeupe mjini. Mama akija na kipimo kisicho na malaria, mwonyesheni dalili za hatari kwa vidole, muuzieni paracetamol, na mwambieni arudi kituoni homa ikivuka siku mbili. Mtakuwa mmekosa faida ya boksi moja, na mtoto atakuwa amepata nafasi ya kutibiwa ugonjwa alionao.